Maarifa ya Njia Kuu: Tabora na Matajiri wa Unguja

Makampuni makubwa ya zama zetu, yenye afisi katika nchi nyingi na wakurugenzi wanaokaa mbali na mahali kazi inapofanyika, hutumia mali nyingi na fikra nyingi kutafuta namna ya kuyafikisha maarifa ya mtumishi aliye upande mmoja wa dunia kwa mwenzake aliye upande wa pili. Wala si wengi wanaokumbuka kwamba shida hiyo hiyo ilikwisha kukabiliwa katika Unyanyembe ya karne ya kumi na tisa, pale Tabora, ambapo wasafiri wa wakati huo walipaita Kazeh.

Rasilimali ya biashara ya pembe za ndovu iliyopita Tabora ilitoka katika nyumba za matajiri wa Kihindi wenye asili ya Kutch na Bombay. Mashuhuri kati yao ilikuwa nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi na baadaye kusimamiwa na Ladha Damji. Na kadhalika Taria Topan, Khoja aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe. Nguo ya merikani ilifumwa Massachusetts ikaletwa na merikebu za Salem, ile ya kaniki ilitoka India, ushanga ulitengenezwa Venice. Wafanyabiashara wa Pwani na Waarabu wa Oman walizichukua bidhaa hizo kwa mali kauli, wakaahidi kulipa kwa pembe, wakapanda bara. Basi tajiri aliyeketi barazani kwake Unguja aliijua bei ya pembe ilivyo Bombay, lakini Ugogo hakuiona wala Ujiji hakuifika; na yule aliyekuwa Ujiji hakupata kujua kama bei imepanda au imeshuka ila baada ya miezi kupita.

Hebu tuuchukue ushanga peke yake. Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 baada ya siku 134 njiani, aliandika kwamba aina zake zilikaribia 400, na baadhi yazo zilikuwa na majina matatu au manne kila moja. Samesame, ule mwekundu, ulipendwa mahali pengi. Mwingine ulikubaliwa katika soko moja tu, na ukipita hapo hata kuku hununui. Mtu aliyenunua frasila kadhaa za rangi iliyokwisha kuchukiza alikuwa amewalipa wapagazi wambebee changarawe kutoka Bagamoyo hadi ziwani. Kwa hiyo habari ya kwamba wanawake wa nchi fulani msimu huu wanataka rangi ipi ilikuwa sawa na mtaji, nayo ilisafiri zaidi kwa vinywa vya watu kuliko kwa karatasi: msafara unaoteremka ulikutana na unaopanda, wakalala kambi moja, wakaulizana hali ya njia, hali ya vita, bei ya posho, na hongo inayodaiwa na kila mtemi wa Ugogo.

Na katika kambi hizo aliyejua zaidi, kwa maoni yangu, hakuwa mwenye mali. Wanyamwezi walikuwa wakiteremka pwani kwa misafara yao wenyewe kabla watu wa pwani hawajajenga tembe Unyanyembe, na njia waliyoipita wageni baadaye ilikuwa njia yao. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, ndiye aliyejua visima vya nyika ya Mgunda Mkali viko wapi na vipi vimekauka. Ndiye aliyeamua lini msafara upige tirikeza, yaani uondoke alasiri na kulala bila maji ili kesho yake uyafikie mapema. Na penye njia panda ndiye aliyelaza tawi la mti au kuchora mstari kwa mguu kuziba njia isiyo yenyewe, ili mpagazi aliyechelewa nyuma asipotee na mzigo wake.

Mmoja wa waliokusanya maarifa hayo mahali pamoja, miongoni mwa wale tunaowajua kwa majina, alikuwa Snay bin Amir. Huyu alianza maisha yake kwa kupika halua Maskati, na katika muda wa miaka 16 akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa katika bara. Mwaka 1852 alifika hadi kwa Kabaka Suna wa Buganda. Mwaka 1856, wamisionari Erhardt na Rebmann walikuwa wamewapelekea wanachuoni wa London ramani yenye bahari moja kubwa mno katikati ya Afrika, na Burton na mwenzake Speke walikuja kuitafuta bahari hiyo. Snay aliwaambia barazani kwake kwamba maziwa ni matatu: Nyasa, la Ujiji, na la Ukerewe, nalo la Ukerewe ndilo kubwa kupita yote. Speke akaifuata kauli hiyo kuelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti 1858 akaliona Nyanza, akalipa jina la malkia wake. Sifa za ugunduzi zikaenda London, ilhali ilimu yenyewe ilitoka Kazeh, na Burton, kwa insafu yake, alikiri deni alilokuwa nalo kwa mwenyeji wake.

Palikuwa pia na Musa Mzuri, Mhindi wa Surat aliyekaa Unyamwezi tangu miaka ya 1820. Na Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, na kwa ukwe huo akasikia ya ikulu ambayo mgeni hakuambiwa.

Lakini tusiifiche haki. Maarifa yaliyoonyesha visima ndiyo yaliyoonyesha vijiji vya kutekwa, na wafanyabiashara walipoona wamejua vya kutosha walianza kuwaweka na kuwaondoa watemi. Walimtoa Mnywa Sere, aliyewadai ushuru, wakamweka Mkasiwa. Na mwaka 1861 Snay bin Amir, ambaye umri ulikuwa umekwisha kwenda, akauawa katika vita vilivyofuata, na yote aliyoyajua na hakuyaandika yakazikwa naye. Miaka kumi baadaye Mtemi Mirambo akaifunga njia ya Ujiji, na hapakuwa na barua ya Unguja iliyoweza kuifungua.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya kirangozi ikaisha. Barua za wafanyabiashara wa Salem zimehifadhiwa Massachusetts hadi leo; Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha. Ya virangozi yamebaki vipande vipande katika vitabu vya wageni waliowaajiri, na anayetaka kuiandika historia ya biashara ya Tabora kwa haki hana budi kuvisoma vitabu hivyo upya, ukurasa kwa ukurasa, akiyatoa humo majina yao na maneno yao.