Fimbo ya Tambo na watoto wa Mazimbu

Leo nataka tuzungumzie nishani, tena nishani ya nchi ya watu, wala si yetu. Najua wapo watakaosema kuwa nishani ni mambo ya wakubwa: kipande cha chuma na utepe, wimbo wa taifa, picha ya pamoja, kisha kila mtu anarudi kwake. Hata mimi nilikuwa na mawazo hayo mpaka nilipokaa kuifuatilia nishani moja ya Afrika Kusini, nikakuta kwamba njia yake inapita hapa kwetu, mkoani Morogoro.

Nishani yenyewe huitwa Nishani ya Wenzi wa O. R. Tambo. Ilianzishwa Desemba 2002, Thabo Mbeki akiwa Rais, na imewekwa kwa ajili ya wageni. Raia wa Afrika Kusini wana nishani zao nyingine, kama ile ya Luthuli na ile ya Mapungubwe. Hii ya Tambo hupewa mtu wa nje aliyeifanyia nchi hiyo urafiki wa kweli. Ina madaraja matatu: dhahabu, fedha na shaba. Litazame neno lililochaguliwa. Hawakusema mashujaa, wala waheshimiwa. Wamesema wenzi, yaani watu mnaokuwa nao safarini, mkagawana kiporo na mvua ikawanyeshea pamoja.

Kabla yake palikuwa na nishani nyingine ya wageni, Nishani ya Tumaini Jema, iliyochukua jina la ile rasi ya kusini. Hiyo ilianzishwa na makaburu mwaka 1973, wakati ambapo utawala wao ulikuwa na marafiki wa kuhesabu kwa vidole. Serikali iliyotengwa na dunia nayo hutafuta wa kumvisha utepe. Lakini ajabu ya historia ni kwamba Nelson Mandela alipoingia madarakani mwaka 1994 hakuitupa. Aliichukua nishani ile ile akaanza kuwashukuru watu ambao makaburu wasingependa hata kuwasikia. Mwaka 1997 alimpelekea Kanali Muammar Gaddafi huko huko Libya, ingawa Wamarekani walikuwa wamenuna. Mwaka 1998 akampa Fidel Castro. Wapo waliolaumu, kwa kuwa hao wawili nao walikuwa na wafungwa wao. Mandela aliangalia jambo moja tu: nani alifungua mlango siku tulipobisha hodi?

Na huyo Tambo ambaye jina lake liko kwenye nishani ndiye aliyekuwa na kazi ya kubisha hodi. Oliver Reginald Tambo alizaliwa mwaka 1917 kijijini Nkantolo, wilaya ya Bizana. Akawa mwalimu, kisha mwanasheria, akafungua ofisi ya uwakili Johannesburg pamoja na Mandela mwaka 1952. Machi 1960 polisi waliwapiga risasi waandamanaji pale Sharpeville na kuua watu 69. Chama cha ANC kikaona kwamba kitapigwa marufuku wakati wowote, Tambo akatumwa nje. Alivuka mpaka kwa gari mpaka Bechuanaland, nchi tunayoiita Botswana leo, na kutoka huko akafika Dar es Salaam. Aliporudi nyumbani ilikuwa Desemba 1990. Miaka 30 mtu huyu alikuwa akilala katika nchi za watu, akiomba silaha mlango huu, vitabu na magodoro mlango ule. Alifariki Aprili 1993, mwaka mmoja kabla ya watu wake kupiga kura ya kwanza. Kwa hiyo waliochagua jina lake kwa ajili ya nishani ya wageni walijua wanachokifanya. Hakuna aliyeijua fadhila ya mgeni kuliko yeye.

Anayepewa nishani hii hupewa vitu viwili: nishani ya kuvaa shingoni, na fimbo ya mti mweusi iliyochongwa, ambayo nyoka ameizunguka. Nyoka huyo ni yule anayekula fuko, na wenyeji wa huko humwita majola. Kwa masimulizi yao, mtoto anapozaliwa nyoka huyu huja kumtembelea, naye haji kwa ubaya. Huja kama rafiki na mlinzi, ili mtoto akue salama. Naomba uiweke habari ya mtoto mchanga na mgeni wake mahali pazuri kichwani, maana nitairudia.

Katika utoaji wa kwanza, Desemba 2002, daraja la dhahabu lilikwenda kwa Kenneth Kaunda wa Zambia, ambaye mji wake wa Lusaka ulikuwa makao makuu ya ANC na ambaye nchi yake ilishambuliwa na makaburu kwa sababu hiyo. Lilikwenda pia kwa Mahatma Gandhi, aliyeishi Afrika Kusini tangu 1893 hadi 1914, na kwa Olof Palme wa Sweden. Palme alikutana na Tambo Stockholm katika mkutano wa kupinga ubaguzi Februari 1986, na wiki moja baadaye akauawa kwa risasi barabarani. Mwaka 2004 ikafika zamu ya Mwalimu Julius Nyerere, naye kwa dhahabu. Alikuwa amefariki London Oktoba 14, 1999, hivyo hakuwapo kuipokea fimbo ile. Ningependa sana kuona angeishikaje, mzee ambaye hatukuzoea kumwona bila kifimbo chake.

Sasa tujiulize: dhahabu ile ilikuwa ya nini hasa?

Sisi tuliosoma shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1980 tuliwajua makaburu kabla hatujajua kuandika vizuri, maana mchakamchaka wa asubuhi haukukamilika bila kuwaimba. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa Dar es Salaam tangu 1963. Kongwa, mkoani Dodoma, palikuwa na kambi za wapiganaji wa ANC, FRELIMO, SWAPO na wengineo tangu miaka ya 1960. Mkutano mkubwa wa ANC wa mwaka 1969 ulifanyika Morogoro. Na kwa sisi wa redio kuna la kujivunia pia, maana Radio Tanzania iliwapa wapigania uhuru nafasi katika mitambo yake ya matangazo ya nje, wakazungumza na ndugu zao waliokuwa wakisikiliza kwa kujificha.

Tusijipambe kupita kiasi. Urafiki ule ulikuwa na siku zake mbaya. Mwaka huo huo wa 1969 serikali yetu iliwaambia wapiganaji wa ANC waondoke Kongwa kwa sababu za usalama, na wengi wakasafirishwa hadi Urusi kabla ya kuruhusiwa kurudi baadaye. Wenzi hugombana.

Kisha likaja jambo la Soweto. Juni 16, 1976, wanafunzi waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaana, wakapigwa risasi. Vijana kwa maelfu wakakimbia nchi, wengi wao shule hawajamaliza. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikaipa ANC shamba la mkonge lililokuwa limeachwa pale Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro. Shule ikaanza mwaka 1978, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 6, 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Pakajengwa sekondari, msingi, chekechea, karakana ya samani, mashamba, na hospitali kwa msaada wa Waholanzi. Mwaka 1982 pakaongezwa kituo kingine Dakawa.

Hapo ndipo dhahabu ya Mwalimu ilipochimbwa, ukiniuliza mimi. Rais anaweza kutoa ardhi kwa saini, lakini kuishi na wageni ni kazi ya majirani. Watanzania ndio waliochanganya saruji pale Mazimbu, wakalima na kupika pamoja na wageni hao. Na mahali ambapo vijana hukaa pamoja miaka kumi na minne, watu hupendana. Wapigania uhuru walioa mabinti wa Morogoro, na wengine walizaa nao bila ndoa. Watoto wakazaliwa.

Mwaka 1990 marufuku ya ANC iliondolewa, na safari ya kurudi nyumbani ikaanza. Mwaka 1992 Mazimbu na Dakawa zikakabidhiwa kwa serikali yetu, na Tambo mwenyewe, mgonjwa tayari, alikuja kwenye makabidhiano. Ilikuwa furaha, na ilistahili kuwa furaha. Lakini wapo wanawake waliofuatana na waume zao hadi Afrika Kusini, na wapo waliobaki na watoto mgongoni wakingoja barua. Baadhi ya barua hizo hazikuja. Wasomi waliowahoji wanawake hao wameyaandika haya, kwa hiyo si maneno ya kijiweni. Hata baadhi ya walioenda walikuja kuona kwamba mgeni huko hakuwa tena mwenzi: Mei 2008 makundi ya watu yaliwavamia Waafrika wenzao kuanzia kitongoji cha Alexandra, na watu wapatao 60 wakauawa katika vurugu hizo.

Siisemi nishani ya Tambo vibaya. Kushukuru ni ustaarabu, na Mwalimu alistahili. Ninachosema ni kwamba nishani hupewa mtu mmoja kwa jina lake, na deni la Mazimbu halikuwa na jina moja. Wale waliotafuta nembo wakamchagua nyoka anayemtembelea mtoto mchanga walikuwa na watoto wao wenyewe huku, ambao hawakutembelewa na mtu.

Mazimbu sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na bado inaitwa Solomon Mahlangu. Makaburi ya wapigania uhuru yapo, yametunzwa. Nilipokwenda huko kutengeneza kipindi, nilielekezwa kwa fundi seremala wa makamo yangu, aliyezaliwa pale pale, ambaye anatumia jina la ukoo la kusini na hajawahi kufika kusini. Nilimweleza habari ya nishani: dhahabu, fimbo, nyoka, na majina ya wakubwa waliopewa. Alinisikiliza vizuri. Kisha akauliza kama hao watu wa nishani wana ofisi, na kama ofisi hiyo ina anwani za watu waliokuwa Mazimbu. Nikamwambia kwamba nilichokiona mimi ni majina ya waliotunukiwa na nchi zao. Akasema ahsante, akachukua randa, akaendelea na ubao wake.