Nukta, Mkeka na Kanga

Ndugu msomaji, kijana wa Handeni au Korogwe anapoanza kusomeshwa kanuni za kupanga nakshi juu ya karatasi, huambiwa habari za kipimo, mrudio, mizani na nafasi tupu. Hudhani kuwa hiyo ni elimu ngeni, iliyozuliwa Ulaya juzi. Naye huku amekalia mkeka, na mama yake amejitanda kanga! Basi na tuitazame historia.

Katika mji wa Baghdad alikuwako waziri mmoja akiitwa Ibn Muqla, aliyefariki mwaka 940, sawa na mwaka 328 wa Hijra. Huyu hakuridhika kuona kila katibu anaandika apendavyo. Aliifanya nukta itokayo kwenye ncha ya kalamu kuwa kipimo. Alifu ikahesabiwa kwa nukta, kisha alifu hiyo ikawa kipenyo cha duara, na herufi nyingine zikapimwa kwa duara hilo. Mahasimu wake walimkata mkono wa kuume, akafia kifungoni. Mkono ulikwenda, kipimo kikabaki. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: uzuri huanza na kipimo.

Elimu hiyo ya khati ilivuka bahari. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Huko Siyu, kisiwani Pate, makatibu wa karne ya 18 na ya 19 walinakili misahafu na kuipamba kwa rangi chache tu: nyeusi, nyekundu na manjano.

Na huku bara je? Njia ya misafara kutoka Pangani ilifuata bonde la mto kupita Korogwe. Mmisionari Krapf alipofika Vuga mwaka 1848, kwa Kimweri mfalme wa Usambara, alikuta baadhi ya wana wa mfalme wamekwisha silimu na kujifunza kusoma. Hivyo kalamu ilipanda milima, na kwa njia za Uzigua ikaingia Handeni.

Lakini aliyekosa kalamu hakukosa nakshi. Utazame mkeka wa ukindu. Majani machanga ya mkindu hukatwa na kukaushwa juani. Mengine huchemshwa kwa rangi. Huchanwa, hukasukwa ukili mrefu, na kili zikashonwa pamoja. Msukaji huhesabu chane. Akikosa moja, nakshi hupotoka. Hapo pana mrudio, pana rangi moja inayodhihirishwa na mwenziwe, pana mizani ya kuume na kushoto. Mama huyu hakuchora kwa penseli, amechora kwa hesabu.

Kanga nayo ina pindo, mji na jina. Pindo huuzunguka mji pande zote nne, na jina hukaa mahali pake. Zamani jina hilo liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye likaandikwa kwa za Kirumi. Mchoraji akijaza kila pahali, jicho halipati pa kutua na jina halisomeki. Nafasi tupu si upungufu. Ni kama kunyamaza katika mazungumzo, ndiko kunakoyapa maneno uzito.

Ndugu msomaji, leo mkeka wa plastiki umejaa masokoni, na asiye na uwezo hatumlaumu kwa kuununua. Lakini bibi ajuaye hesabu ya chane akiondoka bila mrithi, hesabu hiyo haiuzwi duka lolote. Na mjukuu wake atakwenda kufundishwa upya, kwa taabu, kile kilichokuwa kimetandikwa chini ya miguu yake.

Basi mpe mwanao karatasi ya miraba. Mwambie anakili ukili wa bibi yake, mraba kwa mraba, kwa rangi mbili tu, na bibi mwenyewe awe karibu kumsahihisha. Kisha umwulize: Kipimo chake ni kipi? Kinachorudi ni nini? Jicho linatua wapi? Akijibu hayo matatu ameupata msingi, na yaliyobaki ni mazoezi.

Wabillahi taufiki.