Jino likidondoka Kiwayu: Saa moja ya kwanza ndiyo huamua

JINO lililotolewa mzima mzima na ajali ni miongoni mwa mambo ambayo mtahiniwa wa shahada ya uzamili ya udaktari wa meno hutarajiwa kuyajua barabara. Katika kisiwa cha Kiwayu, kaskazini-mashariki mwa Pate katika visiwa vya Lamu, maarifa hayo yafaa yajulikane pia na nahodha, mwalimu na mzazi. Kisiwa hicho kimo ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa mwaka 1979, na anayehitaji hospitali mjini Lamu hana budi kupanda chombo. Kusi inapovuma, safari haiharakishwi.

Jino halikushikamana na taya kama msumari katika ubao. Mzizi wake umefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi laini, na jino linapong'oka nyuzi hizo hukatika, seli hai zikabaki juu ya mzizi. Seli hizo ndizo zitakazoliunganisha jino upya. Zikikaa kavu kwa saa moja huwa zimekwisha kufa nyingi; hata jino likirudishwa, baadaye mzizi huliwa polepole na nafasi yake kuchukuliwa na mfupa.

Ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa wa majeraha ya meno, uliotolewa upya mwaka 2020, unasisitiza kulirudisha jino papo hapo. Lishikwe kwenye taji, yaani sehemu ionekanayo mdomoni, wala mzizi usiguswe. Likiwa na uchafu lisuuzwe taratibu kwa maziwa au kwa mate ya mwenyewe, bila kusuguliwa, kisha lisukumwe mahali pake na majeruhi aume kitambaa safi.

Isipowezekana, litiwe katika maziwa. Siri ya maziwa ni kwamba kiasi cha chumvi na virutubisho vilivyomo chakaribia kile cha mwili, na asidi yake ni ndogo. Hapa wavuvi huweza kukosea, kwa kuwa maji yako pande zote. Maji ya bahari yana chumvi takriban gramu 35 kwa lita, ilhali yale ya chumvi yatumiwayo hospitalini yana gramu 9 tu; ya bahari hufyonza maji ya seli hadi zikanywea. Maji ya mvua ya jabia nayo hayana chumvi ya kutosha, hivyo seli hufura na kupasuka. Hata hivyo ni afadhali jino litiwe katika maji matamu kuliko kuachwa likauke. Dafu limechunguzwa na wataalamu mara kadhaa, lakini matokeo yanapingana, na maji yake yana asidi. Kwa aliye chomboni bila maziwa, mate yake mwenyewe ndani ya kikombe yanafaa zaidi.

Hospitalini jino hufungwa kwa waya mwembamba kwa muda wa wiki mbili hivi, na chanjo ya pepopunda huangaliwa. Mtu mzima kwa kawaida huhitaji pia kutibiwa kiini cha jino ndani ya muda huo.

Meno ya utotoni, ambayo ni 20, hayarudishwi kamwe, kwani huweza kuliumiza jino la kudumu linalokua chini yake. Meno ya mbele ya kudumu huanza kuota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 au 7.