Moshi wa matatu: kabla hatujarushiana maneno, tuangalie Delhi

1/ Kila msimu wa siasa ukifika Nairobi, hoja hii lazima irudi. Mmoja anasimama na kusema magari yote ya dizeli ya abiria yatolewe mjini kufikia tarehe fulani. Mwingine anajibu ati hiyo ni kuua biashara ya mwananchi. Watu wanapiga makofi, mjadala unaishia hapo. Leo sitaji mtu wala chama. Nataka tuangalie mji uliojaribu kweli.

2/ Kwanza niseme nimesimama wapi. Mjomba wangu ana matatu ya abiria 33 na bado anailipia mkopo. Dadangu mdogo ana pumu, na asubuhi hawezi pita steji bila inhela mfukoni. Jumapili wote wawili wanakula meza moja. Kwa hivyo siwezi sema upande mmoja wa mjadala huu ni wa wajinga.

3/ Mbona dizeli? Moshi ule una masizi madogo sana yanayofika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka wa 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Moshi wa sigara uko kundi hilo hilo. Kundi linapima uhakika wa ushahidi, halisemi kwamba hatari ni sawa.

4/ Sasa Delhi, India. Mwaka wa 1985 wakili M.C. Mehta alipeleka kesi ya hewa chafu Mahakama ya Juu. Miaka ikapita. Julai 1998 mahakama ikatoa amri: kufikia 31 Machi 2001, mabasi yote ya mji yawe yanatumia gesi asilia iliyoshindiliwa, ile inaitwa CNG. Tuktuk na teksi za kabla ya 1990 nazo zibadilishwe.

5/ Amri hiyo hiyo ilitaka vituo vya gesi viongezwe kutoka 9 hadi 80. Hapo ndio mambo yalikwama. Mwenye basi hawezi nunua basi la gesi kama hakuna pampu. Mwenye pampu naye hataki kujenga kama hakuna mabasi. Serikali ikajivutavuta, na wengi wakangoja wakiamini tarehe itasogezwa tu.

6/ Kulikuwa pia na upinzani wa maana. Kamati ya wataalamu ilisema sheria iweke kiwango cha moshi unaotoka kwenye gari, isichagulie watu mafuta. Hoja nzuri kabisa. Lakini wakati huo dizeli nyingi ilikuwa chafu na ukaguzi wa magari ulikuwa dhaifu, kwa hivyo waliotaka gesi walisema kiwango cha karatasi hakitasafisha hewa.

7/ Aprili 2001 ikafika. Mabasi mengi hayakuwa tayari, watu wakakwama vituoni, ghasia zikazuka. Mwenye gari lake alienda kazini kama kawaida. Aliyeumia ni abiria, yule yule ambaye amri ilitolewa ili apumue vizuri.

8/ Mahakama ikasogeza tarehe, si mara moja. Kisha Aprili 2002 ikabadilisha mbinu: basi la dizeli likibaki barabarani, mwenyewe alipe rupia 500 kwa siku, na baada ya siku 30 alipe 1,000 kwa siku. Hapo kila mwenye basi akaanza kupiga hesabu. Disemba 2002 mabasi ya mwisho ya dizeli ya usafiri wa mjini yakatoka.

9/ Delhi ikapona? Moshi mweusi wa mabasi ulipungua. Lakini magari ya kibinafsi yaliendelea kuongezeka, mengi yakiwa ya dizeli, na juu yake kuna vumbi, viwanda na moshi wa mashamba kila majira ya baridi. Mwishoni mwa 2015 mahakama ile ile ilizuia usajili wa magari makubwa ya dizeli, halafu 2016 ikaondoa zuio. Basi la mnyonge lilibanwa miaka kumi na mitatu mapema.

10/ Turudi kwetu. Matatu zilipewa ruhusa kwa amri ya rais mwaka wa 1973, na tangu hapo usafiri wetu umebebwa na watu binafsi, mmoja mmoja, wengi kwa mikopo. Ukisema "tubadilishe magari", gharama haiendi kwa serikali. Inaenda kwa mjomba, kisha kwa nauli yako.

11/ Na tumewahi fanya kitu bila makelele. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kusafisha 2013. Januari 2015 Kenya na majirani wakashusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa kila milioni. Hakuna makanga aliyefukuzwa kazi. Ila mafuta safi hayatibu injini iliyochoka, na kichujio cha moshi hakijifungi chenyewe.

12/ Kwa hivyo mtu akikuahidi tarehe, muulize: pampu au chaji zitakuwa wapi kabla ya siku hiyo? Mkopo ni wa riba gani? Gari kuukuu litaharibiwa, ama litauzwa Kitale na moshi uhamie huko? Malori na magari ya kibinafsi je? Akikosa majibu, hiyo tarehe ni ya kupigiwa makofi tu.

13/ Nilimsomea mjomba uzi huu kabla ya kuuweka. Akasema, "Sasa wewe wa chuo, niambie faini ni ngapi na mkopo ni ngapi, nitakupa jibu leo leo." Dadangu alikuwa anasikiliza. Akauliza Delhi ilichukua muda gani tangu amri hadi basi la mwisho. Nikamwambia miaka minne na zaidi. Akasema nitakuwa nimemaliza shule.

Maswali wekeni hapa chini, nitajibu jioni.