Kamyo ya zamani inanyamaza ukigeuza ufunguo: chunguza kontakteri ya ambreyaji mbele ya kununua demareri

Hapa Likasi, kamyo nyingi zinazobeba makala, unga na saruji kuelekea Kambove, Lubumbashi ao Kolwezi ni za miaka mingi. Zilitumika kwanza katika inchi zingine, kisha zikafika kwetu. Kuna ugonjwa mmoja wa kamyo hizo ambao mashofere wanaujua vizuri: unageuza ufunguo, taa za tablo zinawaka, lakini mota haizunguki, hata ile kelele ya “tak” haisikiki. Mara moja watu wanasema: demareri imekufa.

Lakini pengine demareri iko mzima. Kilichoharibika ni kidude kidogo juu ya pedali ya kushoto: kontakteri ya usalama ya ambreyaji, ile ambayo wengine wanaita swichi ya klachi. Mafundi wengi wanakata fili zake mbili na kuziunganisha moja kwa moja. Kamyo inawaka, shofere anafurahi, lakini kinga imeondolewa. Habari hii inaeleza kazi ya kontakteri hiyo, namna ya kuichunguza na kuitengeneza, na kwa nini haifai kuiruka.

Kontakteri hiyo inafanya kazi gani?

Ukigeuza ufunguo, umeme unatoka kwenye kontakti na kwenda kwenye demareri, mara nyingi kwa kupitia rele. Kontakteri ya ambreyaji imewekwa katikati ya njia hiyo, sawa na mlango. Pedali ikiwa juu, mlango umefungwa na umeme haupiti. Ukikanyaga pedali mpaka chini, mlango unafunguka na demareri inazunguka.

Lengo ni moja: kamyo isiwashwe ikiwa ndani ya vitesi bila mguu wa shofere kwenye ambreyaji. Demareri iko na nguvu ya kutosha kusogeza gari lote. Baadhi ya Toyota za 4x4 zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ziko hata na kibonyezo maalum cha kuzima kontakteri hiyo, ili gari likikwama kwenye mlima ao matope liweze kusogea kwa demareri peke yake.

Si kila kamyo ya zamani iko nayo. Kamyo nyingi za Ulaya za miaka ya nyuma zilitengenezwa bila hiyo. Inama, angalia juu ya pedali ya ambreyaji. Ukiona kidude chenye fili mbili na kichwa kinachosukumwa na pedali, pengine ndicho. Usikichanganye na kile cha pedali ya freni, kinachowasha taa za nyuma. Magari mengine yako na vidude viwili kwenye pedali ya ambreyaji. Fuata fili kujua ipi inaenda kwenye demareri.

Uchunguzi, hatua kwa hatua

Kwanza usalama: toa vitesi yote, vuta freni ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya kamyo.

1. Batri. Washa taa kubwa. Zikiwa dhaifu, tatizo liko kwenye batri ao kwenye vichwa vyake vilivyoota kutu. Batri ya volti 12 iliyojaa inaonyesha karibu volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Kamyo kubwa zenye batri mbili zinazofuatana zinatumia volti 24, kwa hiyo inafaa kupata karibu 25.

2. Fizibli na rele. Angalia kama fizibli ya demareri haikuungua. Kama kuna rele ingine ya namna moja kwenye sanduku, zibadilishane kwa kujaribu.

3. Pedali. Toa zulia na takataka zote chini ya pedali. Kanyaga kwa nguvu mpaka mwisho, ukigeuza ufunguo. Ikiwaka hapo tu, kontakteri haijafa: pedali haiifikii vizuri.

4. Kile kifuniko kidogo cha plastiki. Kwenye magari mengi, kichwa cha kontakteri kinagusa kipande cha plastiki ao mpira kilichoingizwa kwenye tundu la pedali. Kikizeeka kinavunjika, na kichwa kinaingia ndani ya tundu bila kusukumwa. Ukikuta vipande vidogo vya plastiki kwenye zulia, sababu umeipata.

5. Umeme. Chukua lampu ya kujaribia inayofaa volti za kamyo yako, funga fili yake moja kwenye chuma cha bodi. Fundi mwangalifu anachomoa kwanza ile fili ndogo ya demareri ili mota isizunguke kwa bahati mbaya. Mtu mwingine ageuze ufunguo. Fili inayoingia kwenye kontakteri inafaa kuwasha lampu. Kisha akanyage pedali akiendelea kushika ufunguo: fili inayotoka nayo inafaa kuwasha. Umeme ukiingia lakini usitoke, kontakteri ndiyo mgonjwa. Usipoingia kabisa, rudi kwenye kontakti na fizibli. Ukitoka vizuri, endelea mbele kwenye rele, fili na demareri yenyewe.

Kutengeneza

Kwanza ondoa fili ya kutoa ya batri.

Kama kifuniko cha plastiki kimevunjika, kipya kinauzwa bei ndogo. Kikikosekana, buloni fupi yenye kichwa kipana, rondele na ekru inaziba tundu hilo vizuri. Kaza, kisha hakikisha pedali inapanda na kushuka bila kugusa kitu.

Kama pedali haifikii kontakteri, angalia shingo yake: nyingi ziko na uzi wa kuzungusha na ekru ya kufunga. Legeza ekru, sogeza kidogo kidogo, kaza tena. Mota inafaa kuwaka pedali ikiwa karibu na chini kabisa, si ikiwa nusu.

Kama ndani mmeungua, wakati mwingine kusafisha kunasaidia. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia kila mahali, na mvua ikija unyevu unaleta kutu. Safisha vichwa vya fili kwa msasa laini. Lakini kontakteri ambayo imeungua ndani itarudilia ugonjwa. Ibadilishe. Nenda sokoni na ile ya zamani mkononi, linganisha idadi ya fili, urefu wa kichwa na uzi. Ukinunua ya okazio, ijaribu kwa lampu mbele ya kutoa makuta.

Hatari ya kuunganisha fili

Kwenye kamyo za zamani, freni ya mkono mara nyingi imechoka. Ndiyo maana mashofere wengi wanaacha kamyo ndani ya vitesi ya kwanza wanapopaki. Ni desturi nzuri kama kontakteri inafanya kazi. Fili zikiwa zimeunganishwa, desturi hiyo inageuka mtego: mtu akigeuza ufunguo akiwa nje ya mlango, ao bila kukanyaga, kamyo inaruka mbele. Dizeli ikishika, haisimami, inaendelea kutembea.

Na mbele ya kamyo karibu kila mara kuna mtu: mwanafunzi wa garaji chini ya kapo, wapakiaji, mama aliyepanga bidhaa zake kivulini, mtoto. Hao ndio kontakteri inawalinda.

Kuunganisha fili kunakubalika kwa dakika chache tu, kwa kujaribu ao kutoka barabarani, vitesi zikiwa zimetolewa na magurudumu yamezuiliwa. Ukifanya hivyo, funga kitambaa chekundu kwenye usukani na uwaambie wote wanaoendesha. Ukifika, kitengenezwe.

Kuna jambo lingine: kontakteri inajua pedali tu, haijui kama ambreyaji yenyewe imeachia. Mafuta ya ambreyaji yakivuja, mota itawaka na kamyo inaweza kuruka hata umekanyaga. Kwa hiyo, hata kama kila kitu ni kizima, tikisa vitesi kwanza ujue zimetoka.

Jaribio la dakika moja

Kontakteri inayokwama ikiwa wazi inakuzuia kuondoka, na kila mtu anaijua. Ile inayokwama ikiwa imefunga, ao iliyorukwa na fundi wa zamani, hainyimi mtu safari, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Ili kuitambua: kamyo kwenye tambarare, vitesi zote nje, freni ya mkono, mawe kwenye magurudumu, hakuna mtu karibu. Usiguse pedali ya ambreyaji. Geuza ufunguo kidogo.

Kama kamyo iko na kontakteri na mota ikazunguka, ujue kinga haiko tena. Anayenunua kamyo ya okazio afanye jaribio hilo mbele ya kulipa, na anayempa mwingine ufunguo afanye mbele ya kumpa.