Waifai ya hoteli: pima kwanza, nunua baadaye

Wenye nyumba za wageni, kuanzia Lamu hadi Diani, wamekuwa wakiniuliza swali moja: ninunue mashine gani ya waifai? Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu siwapi jina la mashine. Nawauliza kwanza wana vyumba vingapi, kuta zao ni za nini, na ni nani atakayeshika nywila. Leo nalieleza jibu hilo kwa urefu, na mfano wangu nautoa bara, Mosocho, kaunti ya Kisii.

Mosocho ni soko kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu, mwendo mfupi tu kutoka mji wa Kisii. Huko niliitwa kumshauri mama mmoja wa makamo mwenye hoteli ya ghorofa mbili, vyumba 16, ukumbi wa mikutano wa watu 40, na mkahawa uliojengwa peke yake uani. Wageni wake ni wazazi wanaokuja kutazama watoto katika shule ya upili ya Kardinali Otunga, maafisa wa miradi, wachuuzi wa mbegu na dawa, na jamaa wanaokuja harusini na mazishini. Wanaomlipa vizuri ni wa mikutano, na hao ndio walioanza kumhama kwenda mjini.

"Mwanangu," aliniambia, "siku hizi mgeni haulizi maji moto. Anauliza nywila ya waifai hata mkoba hajautua."

Alikuwa ameshauriwa mambo mawili: apandishe kifurushi cha intaneti, na anunue ruta tatu "kubwa zenye nguvu". Yote mawili yangemla pesa na tatizo lingebaki palepale. Nitaeleza ni kwa nini, maana ushauri huohuo hutolewa Malindi, Kilifi na Mombasa kila siku.

Intaneti si waifai

Intaneti ni maji yanayoletwa na bomba la mtaa. Waifai ni mabomba ya ndani ya nyumba yako. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kwa hiyo sehemu kubwa ya intaneti inayofika Kisii imepitia pwani kwetu kwanza. Ikiwa imevuka bahari na kupanda milima yote hiyo salama, si ajabu ikaja kukwama kwenye ngazi ya hoteli.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua laptopu, iunganishe na ruta kwa waya, upime kasi. Kisha nenda chumba cha mbali zaidi, upime tena kwa waifai. Kwa waya ikiwa mbovu, mgombeze anayekuuzia intaneti. Kwa waya ikiwa nzuri na chumbani mbovu, tatizo ni lako.

Mama wa Mosocho alikuwa akilipia megabiti 40 kwa sekunde. Kwa waya zilifika zaidi ya 35. Chumba cha mwisho cha ghorofani zilifika 2. Angenunua hata megabiti 100, chumba kile kingebaki na zilezile 2.

Hesabu simu, usihesabu vyumba

Vyumba 16, wageni wawili kila chumba, na kila mgeni ana simu na kifaa kingine: hivyo ni vifaa 64. Ukumbi wa watu 40, kila mtu na simu na laptopu: vifaa 80. Siku hoteli imejaa na kuna mkutano, ni vifaa 144. Ruta ndogo ya bure inayoletwa na kampuni ya intaneti imetengenezwa kwa familia moja. Haina kosa. Imebebeshwa mzigo usio wake.

Upande wa kasi, video safi ya HD hula kama megabiti 5 kwa sekunde. Megabiti 40 zinatosha watazamaji wanane kwa wakati mmoja, na wa tisa huanza kuwapunguzia wenzake. Dawa ya kwanza ni kumwekea kila mgeni kikomo, ili kijana mmoja anayepakua filamu asiwanyime wengine wote. Dawa ya pili ni kuupa ukumbi kipaumbele siku za mkutano. Kuongeza kifurushi ni dawa ya tatu, na huja baada ya hizo mbili.

Kuta ndizo zinazoamua

Waifai nyingi hutumia mawimbi ya namna mbili. Ya gigahezi 2.4 huenda mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini nafasi zake ni chache na majirani wote wamo humo. Ya gigahezi 5 yana kasi na nafasi tele, ila huchoka upesi yakikutana na ukuta. Mosocho kuta ni za matofali ya kuchoma, na sakafu ya ghorofa ni zege lenye vyuma. Kwetu, kuta za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale ni nene zaidi na humeza mawimbi vibaya. Tangi la maji, kioo kikubwa na mabati nayo ni adui.

Ndiyo maana "ruta yenye nguvu" haisaidii sana. Mawasiliano ni ya pande mbili. Mashine ikipaza sauti na simu ya mgeni ikinong'ona, mashine haitamsikia. Kinachofaa ni vifaa kadhaa vya nguvu ya wastani vilivyo karibu na wageni, vile vya kubandika darini au ukutani ambavyo mafundi huviita aksesi pointi. Kwa hoteli ile tulihesabu sita: viwili kila ghorofa, kimoja ukumbini, kimoja mkahawani. Vya juu visikae wima sawa na vya chini, bali vipishane.

Katika gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 na 11 peke yake, kwa sababu hizo haziingiliani. Upana wa chaneli uwe megahezi 20. Kwenye gigahezi 5, hoteli itosheke na 20 au 40. Fundi akikuwekea 80 ili kipimo kionekane kikubwa siku ya kwanza, vifaa vyako vitagombana wenyewe kwa wenyewe wageni wakijaa.

Kuna pia vifaa vya kupokezana mawimbi bila waya. Vinarahisisha kazi, lakini kifaa kinachopokea na kutuma kwa mawimbi yaleyale hupoteza kama nusu ya kasi kila kinapopokezana. Vitumie pale tu waya usipoweza kupita, mathalan nyumba za kale za Lamu, mji ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, ambako hutoboi ukuta upendavyo.

Daraja tatu za vifaa

Daraja la kwanza ni ruta za nyumbani. Zinafaa kinyozi, duka la dawa, au ofisi ya watu watano. Hoteli isizitegemee.

Daraja la pili ndilo la hoteli ndogo na biashara zinazokua. Humo mna UniFi ya Ubiquiti, Omada ya TP-Link, na MikroTik ya Latvia. UniFi na Omada zina programu ya kusimamia vifaa vyote kutoka mahali pamoja, na unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako bila ada ya kila mwaka. MikroTik ni hodari sana kwa vocha na kugawa kasi, lakini inataka fundi anayeijua kwelikweli.

Daraja la tatu ni la mahoteli makubwa: Cisco Meraki, Ruckus, Aruba. Ni vifaa vizuri. Ila uliza habari ya leseni kabla hujalipa. Meraki, kwa mfano, hutegemea leseni inayolipiwa, na isipohuishwa unabaki na chuma cha bei kubwa darini.

Kuhusu vizazi, Waifai 5 ilikuja mwaka 2013, Waifai 6 ilianza kuthibitishwa mwaka 2019, na Waifai 7 mwaka 2024. Kwa leo nunua Waifai 6. Iliundwa kwa ajili ya mahali penye vifaa vingi pamoja, na simu nyingi za wageni zinaielewa. Waifai 7 inaweza kungoja. Chochote unachonunua, hakikisha kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Waya, umeme na radi

Waifai nzuri hutegemea waya mzuri. Nunua kebo ya Cat6 ya shaba tupu. Sokoni imejaa kebo ya alumini iliyopakwa shaba, na kwa macho zinafanana. Kwangua waya mmoja kwa wembe: ndani ukiwa mweupe, irudishe. Kebo moja isizidi mita 100. Ya nje iwe na ganda linalohimili jua.

Vifaa vya darini hupata umeme kupitia kebo hiyohiyo kutoka kwenye swichi. Hapa fanya hesabu. Kifaa kimoja kikila wati 13, sita ni wati 78. Swichi yenye uwezo wa kutoa wati 60 itaviwasha vinne, na viwili vitakuwa vikizima ovyo. Chukua ya wati 120. Hakikisha pia swichi na vifaa vinafuata kiwango kimoja, kwani kuna vya zamani vya volti 24 ambavyo havipatani na vya sasa.

Nyanda za Kisii na bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za Afrika zenye radi nyingi. Kebo ya shaba iliyotandazwa kutoka jengo moja hadi jingine ni njia ya radi kuingia ndani na kuunguza swichi na vyote vilivyoungwa nayo. Kwa hiyo kati ya hoteli na mkahawa tulipendekeza faiba, ambayo haipitishi umeme, na jengo kuu lipate waya wa ardhini ulio sawa. Kwetu pwani adui mwingine ni chumvi. Kifaa cha nje kiwe kile kilichozibwa dhidi ya maji na vumbi, na viungio vikaguliwe kila baada ya miezi michache.

Stima nayo hupotea. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilibaki gizani. Mtandao wote wa hoteli kama ile hula takriban wati 100. Betri ya volti 12 na amp-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukitumia nusu yake ili isife mapema, unapata kama saa tano au sita. Intaneti pia ina siku zake: Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na Afrika Mashariki ikataabika. Anayeishi kwa mikutano awe na njia ya pili, iwe laini ya simu au Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023.

Tenganisha, kisha linda

Mama wa Mosocho alikuwa na mtandao mmoja kwa wote: wageni, kompyuta ya mapokezi, simu ya kupokelea malipo na kamera za ulinzi. Mgeni yeyote mwenye ujuzi kidogo angeweza kuchungulia. Vifaa vya daraja la pili huweza kugawa mtandao mmoja kuwa mitatu isiyoonana: wa wageni, wa ofisi, wa kamera. Katika ule wa wageni, washa pia kizuizi cha simu moja kuiona nyingine. Tumia ulinzi wa WPA3, au WPA2 kwa vifaa vya zamani, na nywila ya wageni ibadilishwe mara kwa mara.

Ukitaka mgeni aandike jina na nambari ya simu kabla ya kuingia, fahamu kwamba umeanza kukusanya habari za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu. Chukua kile tu unachokihitaji, na uulizie usajili katika ofisi ya Kamishna wa Data. Na usiwauzie majirani intaneti yako, kwani hiyo ni biashara inayotaka leseni.

Maswali ya kumuuliza fundi

1. Umepima mawimbi ndani ya jengo langu, au umekadiria ukiwa mlangoni?
2. Orodha yako inaonyesha bei ya kila kitu peke yake: vifaa, swichi, kebo, kazi?
3. Kebo ni ya shaba tupu? Tukwangue tuone.
4. Kuna ada ya kila mwaka? Nikiacha kuilipa, nini kitazimika?
5. Utarudi kupima kila chumba baada ya kufunga, na kuniandikia matokeo kabla sijamaliza malipo?
6. Akaunti ya usimamizi itafunguliwa kwa baruapepe yangu au yako?

Swali la sita ndilo zito. Fundi wa kwanza wa mama yule alifungua kila kitu kwa jina lake mwenyewe, akahama, simu haikushikika tena. Kubadilisha nywila tu kulihitaji vifaa vifutwe na kuanzwa upya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nywila, mchoro wa nyaya na risiti viandikwe, viwekwe na mwenye hoteli, chini ya kufuli. Fundi apewe ruhusa yake ya kufanyia kazi, na siku mkiachana uweze kuifuta wewe mwenyewe.