Kiingereza kwa Watu Wazima, Somo la Tisa: Maneno Madogo Yafuatayo Kitenzi

Karibuni tena darasani, ninyi mliokaa pamoja huko Ikungi, na wewe unayesoma somo hili peke yako nyumbani. Katika somo lililopita tulitazama vitenzi vya Kiingereza vya neno moja. Leo tutatazama vitenzi vya maneno mawili na matatu, na tutauliza vilitoka wapi. Twauliza habari za zamani kwa sababu jambo lenye asili hukumbukwa upesi kuliko jambo la kukariri tu.

Kwanza uone hasara ya kutojua. Tuseme umeletewa karatasi na mtu anayelitaka shamba lako la alizeti. Imeandikwa kwa Kiingereza. Ikiwa inasema watu wake wata-"look over" shamba, maana yake watalikagua, kisha warudi kwao. Ikiwa inasema wata-"take over" shamba, maana yake watalitwaa liwe mikononi mwao. Ukifasiri neno kwa neno utapata "tazama juu ya" na "chukua juu ya", wala hutajua ni ipi karatasi ya kutembelewa na ni ipi ya kuhamishwa. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa, na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Walakini mtu binafsi aweza bado kukuletea karatasi ya Kiingereza. Yafaa basi ujue maneno madogo kabla ya kutia sahihi.

Pengine wadhani mambo haya ni ya Kiingereza tu. Sivyo. Sikiliza sentensi hizi mbili: "Amehama Ikungi." "Amehamia Ikungi." Tofauti ni sauti moja ndogo, lakini mtu wa kwanza ameondoka, na wa pili amefika. Vivyo hivyo "alimkimbia mjomba" na "alimkimbilia mjomba". Wa kwanza alimwogopa mjomba, wa pili alitaka msaada wake. Mwingereza husema "run away from" kwa la kwanza, na "run to" kwa la pili. Yeye huongeza maneno nje ya kitenzi. Sisi twaongeza sauti ndani ya kitenzi. Ndiyo desturi ya lugha za Kibantu, na Kinyaturu, lugha ya Warimi wa Ikungi, ni mojawapo.

Jambo hili liliandikwa zamani. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Humo alieleza kwamba kauli ya kutendea, kama "letea" kutoka "leta", hufanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa neno dogo la kuunganisha. Yeye alikuwa akivuka kutoka kwao kuja kwetu. Sisi leo twavuka daraja lile lile kutoka upande wa pili.

Sasa, kwa nini Waingereza huweka maneno hayo nyuma ya kitenzi? Hapo kale nao waliyashika mbele ya kitenzi, yakiwa neno moja. Mabaki yapo mpaka leo. Neno "withstand" maana yake ni kupinga, kusimama imara mbele ya adui. Katika Kiingereza cha kale "with" ilikuwa na maana ya "dhidi ya". Leo "with" ni "pamoja na", lakini ndani ya neno lile maana ya zamani imebaki.

Tangu karne ya 9 watu wa Denmark na Norwei walifanya makao Uingereza. Lugha yao ilikuwa na udugu na Kiingereza, wakachanganyika. Vitenzi "take" na "get", ambavyo leo vyatumika kila saa, vilitoka kwao. Polepole desturi ya kuweka neno dogo mbele ya kitenzi ikapungua, na ile ya kuliweka nyuma ikashika nguvu.

Kisha mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaishinda Uingereza. Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na ya mahakama. Ndiyo sababu mambo mengi katika Kiingereza yana majina mawili: moja la Kifaransa, moja la kienyeji. Kuingia ni "enter", na pia "go in". Kurudi ni "return", na pia "come back". Kuendelea ni "continue", na pia "go on". Neno la Kifaransa lilizoea meza ya ofisi. Yale ya kienyeji yalizoea jikoni na shambani. Nao wananchi wa kule walipata taabu kama zetu, kushtakiwa kwa lugha wasiyoijua. Mwaka 1362 ilitolewa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakukifahamu Kifaransa.

Kiingereza kilichofundishwa shuleni kwetu wakati wa utawala wa Waingereza kilikuwa hasa cha kitabu na cha ofisi. Basi mtu aweza kuandika "continue" bila kosa, lakini akiambiwa "go on" akafikiri anafukuzwa. Usione haya. Hata Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa London mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi hivi ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko kitu kingine.

Sasa tuje kwenye vile vya maneno matatu. Hapa shika kanuni moja: neno dogo la kwanza hugeuza maana ya kitenzi, la pili hukiunganisha na kitu kinachofuata.

Tazama: "We have run out of flour." Kiswahili chake, "Tumeishiwa na unga." "Run" peke yake ni kukimbia. "Out" imeigeuza iwe kuisha. "Of" imeushika unga. Na sisi tumefanya nini? Tumechukua "isha", tukaigeuza ndani ikawa "ishiwa", kisha "na" ikaushika unga. Kazi ni zile zile mbili.

Tazama tena: "I get on with my neighbour." Kiswahili chake, "Napatana na jirani yangu." "Get" ni kupata. "On" imeigeuza, kama sisi tulivyogeuza "pata" kuwa "patana". "With" imemshika jirani, kama "na" yetu.

Kwa hiyo usifasiri maneno matatu moja moja. Uliza kwanza: mawili ya mbele kwa pamoja yamekuwa kitenzi gani? Ndipo uulize: la tatu linashika nini? Na ukitaka kusema "hicho", kumbuka hivi: husemwa "give it up", kiache, lakini husemwa "put up with it", kivumilie. Penye neno la kushika, kitu hukaa mwisho, nyuma yake.

Mazoezi. Andika daftarini maana ya sentensi hizi, kisha uchore mstari chini ya neno lenye kugeuza, na mistari miwili chini ya neno lenye kushika:

1. Keep away from the fire.
2. She does not look down on poor people.
3. We cannot put up with this noise.

Wenye darasa someni majibu yenu kwa sauti, kila mmoja asahihishe ya mwenzake. Somo lijalo tutasoma barua nzima, nanyi mtavitafuta vitenzi hivi wenyewe. Kwaherini.